Ahadi kwa Mama Mkunga

Ilipofika saa nane mchana, Mwalimu alikuwa ameshaahidi kwamba jua halitazama kabla hajaachana na mwanamume anayempenda, na mbele yake palikuwa na kurasa kumi na saba za kusoma pamoja naye.

Alikaa kwenye kiti kirefu katika chumba cha kurekodia, chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimebandikwa sponji nyeusi mpaka juu. Akavaa hedifoni. Upande wa pili wa kioo fundi sauti alikuwa anahangaika na mashine zake, na kushoto kwake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni aliyoogea, alikuwa amekaa yeye mwenyewe, mtu wa kuachwa, anachonga penseli bila habari.

Kazi yao ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za ng'ambo. Hii ya sasa ilihusu vijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, watoto wa wenye mahoteli na wenye mabenki, wanaoshushwa na madereva kwenye shule yenye bwawa la kuogelea. Kila mmoja wao alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumwambia ukweli. Mwalimu ndiye aliyekuwa sauti ya binti wa mwenye benki. Ukimsikia kwenye televisheni saa moja jioni, ungeapa ni msichana asiyewahi kuosha kikombe. Kumbe ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwalimu wa chekechea, aliyeachika, anayelala chumba cha uani kwa kaka yake fundi friji.

Kijana mrithi wa mahoteli, anayempenda binti huyo, alipewa sauti na muuza dawa wa duka la pale kona. Fundi sauti alikuwa amekwenda kununua dawa ya kikohozi, akamsikia dirishani akimwelekeza bibi mmoja, "Moja, kutwa mara tatu," akasahau kikohozi chake. Tangu siku hiyo studio nzima ilimwita Kutwa.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo Mwalimu na Kutwa walikuwa wakiambiana "nakupenda" kila siku kazini, tena kwa kurudia mara nne, mara tano, mpaka maneno yalingane na midomo ya kwenye picha, na hakuna aliyetetemeka. Siku Kutwa alipomgeukia na kumuuliza, "Umekula?", ndiyo siku kikombe kilipotikisika mkononi mwa Mwalimu. Sasa ulikuwa mwezi wa nane. Kutwa alikuwa ameshawaambia wajomba zake wajiandae, Jumamosi wafike kwa kaka yake Mwalimu kuleta posa.

Ndipo asubuhi ya Jumatano hiyo mama yake Kutwa alipokwenda chekechea.

Watoto walikuwa nje, wakati wa mapumziko. Mwalimu alikuwa anaokota kalamu za rangi chini ya meza alipoona viatu vya mtu mzima mlangoni. Alimtambua kabla hajainua uso, kwa vile mwanawe alivyomsimulia: mkunga mstaafu, mwanamke mfupi, mnyoofu, anayesimama kama anasubiri kuitwa wodini.

"Shikamoo, mama."

Mama Mkunga hakuitikia mara moja. Aliinamisha kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Hebu rudia, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe ni wewe." Alijishusha polepole kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. "Yule msichana wa saa moja. Mwezi mzima huu ninakulilia. Kijana wangu aliniambia tu unafundisha watoto, na kwamba na yeye mchana ana vikazi vya kusomasoma. Sauti yake mle kwenye televisheni wala sikuijua, anajifanya mzito. Lakini ya kwako naijua."

Mwalimu naye akavuta kiti kidogo, akakaa. Kukaa juu kuliko mama mkwe mtarajiwa asingeweza.

"Sikuja kukutukana," alisema Mama Mkunga. "Waliokutukana naamini wametosha. Nimekuja kuomba. Mikono hii imepokea watoto wa watu mpaka nikaacha kuhesabu. Nimewapokea stendi, nimewapokea sakafuni, umeme umekatika. Wangu wa kumzaa ni mmoja tu, na baba yake yuko ardhini. Nataka nipokee mmoja wa damu yangu kabla mikono haijaanza kutetemeka. Ni dhambi?"

"Si dhambi, mama."

"Ulikaa na mume miaka minane."

"Minane."

"Hata mimba kuharibika?"

"Hata kuharibika."

Mama Mkunga akatikisa kichwa kwa namna ya kazini, bila ubaya. Akaeleza kwamba angeweza kumkataza mwanawe, lakini akimkataza, kijana ataoa kesho yake asubuhi. "Namjua. Nilimzaa akitanguliza miguu." Na posa ikishafika itakuwa aibu ya watu wengi. Kwa hiyo ufunguo alikuwa nao Mwalimu mwenyewe. Amwambie leo, kabla jua halijazama, kwamba hamtaki. Atalia, atapona. Vijana wanapona.

Mwalimu aliahidi. Hakuahidi kwa woga wa yule mama, aliahidi kwa sababu mama alikuwa amegusa donda lililokuwepo tayari. Alikumbuka mume wake wa kwanza. Mwaka wa kwanza alikuwa akisema watoto ni majaliwa. Mwaka wa tatu akaacha kusema. Mwaka wa sita akawa anakula hukohuko nje. Hakumpiga hata siku moja wala hakumtukana, aliacha tu kumuuliza ameshindaje, mpaka nyumba ikawa na watu wawili na hakuna mtu.

Walipoinuka, Mama Mkunga alimshika shavu. "Na usilie sana," akamwambia, "sauti itaharibika." Wala hakuwa anamkejeli. Hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu kuliko yote.

Sasa fundi sauti aliwasha picha. Ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia, inatakiwa kituoni kesho yake. Kijana wa mahoteli anapelekwa na baba yake nchi ya mbali ili atenganishwe na binti. Binti amemkimbilia mpaka mlango wa uwanja wa ndege, na anamwambia asiende.

Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndiyo ishara ya kuanza, Mwalimu akafungua mdomo.

"Usiende. Kama unanipenda..."

Picha ikasimama. Fundi sauti alimwambia midomo ya binti imeshafunga na yeye bado yuko njiani. Wakarudia. Safari hii akawahi. Wakarudia tena, sauti ikakatika katikati. Mara ya sita fundi alivua hedifoni zake akajikuna kichwa.

"Mwalimu, huyu mtoto ana miaka kumi na minane na baba yake ana benki. Wewe unamlilia kama mjane. Ngojeni nikanywe chai. Nikirudi naomba nimkute msichana."

Mlango ukafungwa. Kwenye skrini binti alibaki amegandishwa, mdomo wazi, nywele zimepeperuka.

"Umekula leo?" Kutwa alimuuliza.

Mwalimu alitazama karatasi zake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, yakiwa laini, yenye mwanzo na mwisho. Likatoka moja tu.

"Jumamosi wasije."

"Nani?"

"Wajomba zako. Narudi kwa mume wangu. Tumezungumza, tumesameheana."

Kutwa aliiweka penseli chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Miezi minane nimekusikia humu masikioni," akasema, "kwa karibu kuliko unavyojisikia mwenyewe. Najua unavyovuta pumzi ukiwa na njaa. Najua ukitaka kucheka kabla wewe hujajua. Na ukitaka kusema lisilo kweli, unameza mate kwanza. Umemeza mate."

"Sijameza."

"Na hapo pia."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka fundi akawagongea kioo. Leo Mwalimu alifunika uso kwa zile kurasa kumi na saba, na ukweli wote ukatoka nyuma yake, tangu viatu vya mlangoni hadi mkono shavuni.

Alipomaliza, Kutwa aliuliza swali ambalo Mwalimu hakulitarajia. Mama alikaa wapi?

"Kwenye kiti cha mtoto. Na mimi cha mtoto."

"Kwa hiyo mmekaa watu wawili kwenye viti vya chekechea mkanigawana kama mkate. Na mimi nipo dukani nahesabu vidonge, sijui kama nimeshaachwa." Hakupandisha sauti. Sauti yake ilishuka tu, ikawa nzito kama ya kwenye tamthilia. "Yule bwana wa miaka minane. Alipimwa?"

"Alikataa. Mimi nilipimwa mara tatu. Mara zote wakaniambia hawaoni tatizo, nije na mume. Nikimwambia, anatafuta viatu vyake anatoka."

"Ulimwambia mama hilo?"

"Hakuniuliza."

Kutwa alimgeukia akamtazama, kisha akatazama ukuta. "Mama yangu," akasema polepole. "Mama yangu hakuuliza hilo."

Akainuka, akasema anakwenda nyumbani sasa hivi, kazi ingoje. Mwalimu akamshika mkono wa shati. Hapo ndipo aliposema lile lililokuwa chini kabisa, ambalo hata mama hakuambiwa.

"Na kama ni mimi? Madaktari hawajui kila kitu. Utasema ni majaliwa, nami nitaamini. Mwaka wa pili utasema tena. Mwaka wa sita hutasema, na hutakuwa mbaya, utakuwa umechoka tu. Nimeshaona mapenzi yanavyokufa, hayapigi kelele. Sitaki kuyaona usoni kwako. Heri nikuache leo ukiwa bado unaniuliza kama nimekula."

Alikuwa amelishika lile shati kama mtu anayeshika ukingo wa kisima.

"Mimi mtu wa dawa," Kutwa alisema. "Sijawahi kumpa mtu dozi ya ugonjwa ambao hajaupata. Mwaka wa sita siujui. Siwezi kukuapia uongo. Leo nakujua, na kesho nakujua, na hutaniacha kwa sababu ya mwanamume aliyekuwa anatafuta viatu."

"Nimemwahidi mama yako."

"Uliahidi kunidanganya. Umejaribu, umeshindwa. Ni nini kingine?"

Fundi sauti akarudi. Aliwatazama kupitia kioo, akaona alichokiona, na bila mzaha wowote akawauliza kama wako tayari. Kutwa akakaa. Mwalimu akafuta macho kwa kiganja. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Usiende," alisema binti wa mwenye benki. "Kama unanipenda, usiende."

Ilikuwa mara moja tu. Fundi akawaambia wafungue ukurasa wa kumi na mbili.

Walitoka saa kumi na moja na nusu. Kutwa alitaka waende pamoja kwa mama yake, Mwalimu akakataa katakata. Ahadi ilikuwa yake, na atairudisha mwenyewe. Akamwomba ampe saa moja tu.

Alimkuta Mama Mkunga sebuleni anakunja nguo zilizoanuliwa, mashati ya mwanawe yamepangwa juu ya mkono wa kochi, kola zote zimetazama upande mmoja. Televisheni ilikuwa imewashwa lakini imenyamazishwa. Mama alimkaribisha kiti. Mwalimu alibaki amesimama.

"Nimemwambia, mama. Hakukubali. Akanibana, nikasema yote. Nimekuja kukwambia mwenyewe kwamba nimeshindwa."

Mama Mkunga alikunja shati jingine. Alisema alilitarajia hilo.

"Naomba niulize jambo moja," Mwalimu alisema. "Wanawake waliokuja kwako kazini wakilia kwamba hawapati mtoto. Uliwaambia nini kwanza?"

Mikono ya mama ilisimama juu ya shati. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukisikika mpaka ndani.

"Niliwaambia waje na waume zao," akajibu.

"Wangu hakuja."

"Nilijua." Mama Mkunga alikaa chini, shati mapajani. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Asubuhi nilijua. Swali lilinifika hapa mdomoni, miaka thelathini nimeliuliza. Nikalimeza, kwa sababu niliogopa jibu lako litakuwa zuri. Nilikuwa nataka sababu, mwanangu. Ukiwa na sababu unalala."

Hasira aliyokuja nayo Mwalimu aliitafuta, akakuta huzuni tupu, ya watu wawili.

Saa moja iligonga. Kwenye televisheni isiyo na sauti, yule binti alishuka kwenye gari la baba yake akiwa anacheka, na mara hii hakuna aliyetaka kumsikia.

"Ahadi yako nakurudishia," Mama Mkunga alisema. "Nilikuibia. Lakini baraka usiniombe. Sina. Nimeitafuta tangu umeingia hapo mlangoni, sijaiona. Nina miaka sitini na tisa, kila siku naona mikono yangu, na wewe una thelathini na nne. Siwezi kukudanganya kwa mara ya pili."

Mwalimu alishukuru, kwa kuwa ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Njiani alipishana na Kutwa, anakuja mbiombio, mfuko wa dawa bado begani. Alimweleza kwa maneno machache. Kutwa akataka wageuze wote wawili, waingie, liishe. Mwalimu akamwambia aende akale na mama yake, asimwache peke yake jioni hii.

"Na wewe?"

"Mimi nipo," alisema, akaenda zake, na hakulia mpaka alipofunga mlango wa chumba cha uani.

Jumamosi ilifika. Mwalimu hakuwa na moyo wa kumwambia kaka yake kwamba huenda wageni wasije. Alingoja, akijiambia labda. Hata kwa mtu aliyekata tamaa, labda hailali. Wifi yake alipiga deki tangu alfajiri, akaazima viti kumi na vitatu kwa majirani, akavipanga sebuleni mpaka kibarazani. Kaka yake, ambaye mikono yake haikuwahi kutoka weusi wa grisi, aliisugua kwa mchanga na sabuni hadi ikawa myekundu, akavaa shati jeupe, akakaa karibu na mlango.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Saa tisa wifi akaingia jikoni akafunika vyungu. Saa kumi kaka yake alisimama, akavua lile shati, akalitundika, akamwambia mdogo wake kwamba watu hupatwa na dharura. Kisha akaingia ndani kwa sababu hakutaka kumtazama.

Mwalimu akaanza kurudisha viti. Hakumwachia mtu mwingine. Alibeba viwiliviwili, akagonga mlango wa kwanza, wa pili, akashukuru, akaulizwa wageni wamekuja, akajibu bado. Mtaa mzima ulikuwa vibarazani jioni hiyo, na kila mtu alijua kuhesabu viti vinavyorudi mapema.

Vilibaki vitano alipomwona Kutwa. Alikuwa anakuja kwa miguu, peke yake, shati lake limekunjamana kama la mtu aliyejifulia na kujipigia pasi mwenyewe. Hakuwa na mjomba nyuma yake, wala shangazi, wala mfuko mkononi. Alisimama mbele ya kibaraza.

"Wajomba wamesema bila mama hawatoki."

"Nimeshajua," Mwalimu alisema.

"Tangu Jumatano hajanisemesha. Chakula ananiwekea, anafunika, anaingia chumbani kwake. Leo nimesimama mlangoni kwake tangu asubuhi mpaka saa tisa. Hakufungua."

"Ungebaki naye."

"Nilibaki mpaka saa tisa."

Mwalimu aliona wifi amechungulia dirishani, na ng'ambo ya njia wanawake watatu wameacha mazungumzo yao. Uso ulimwaka. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumfukuza.

"Mtu haleti posa peke yake," akasema kwa sauti ndogo. "Kaka yangu hawezi kukupokea hivi."

"Najua. Sikuleta posa." Kutwa alipanda kibarazani, akapachika kiti kimoja begani, akachukua kingine kwa mkono wa pili. "Nimekuja kubeba viti. Hivi vinakwenda nyumba gani?"

Mwalimu akamwonyesha mlango wa kijani, wa nne kutoka pale. Kisha akabeba viwili, akamfuata katikati ya njia, mtaa wote ukiwatazama, na wifi yake akatoka nyuma yao na kile cha mwisho.